Brashi ya Nguruwe, Brashi ya Melesi na Jibu Nililompa Baba

Wale mliozoea kuja ukurasani hapa kusoma habari za katiba, bajeti na deni la taifa mtaniwia radhi. Leo ninaandika kuhusu povu. Na kabla hamjacheka, si povu la majukwaani, ambalo nchi hii inalo la kutosha, bali povu la sabuni ya kunyolea ndevu.

Chanzo chake ni swali. Wiki mbili zilizopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alikuja ofisini kuchukua kazi yake niliyoisahihisha. Ni kijana mtanashati, lakini shingo yake imejaa vipele vya ndevu. Tulipomaliza habari za kazi alisita mlangoni, akasema kwa haya: "Samahani, Dokta. Nimeambiwa dawa ya vipele hivi ni kunyoa kwa brashi na sabuni. Nimeona ziko brashi za nguruwe na ziko za mnyama mwingine, na bei zake ni mbingu na ardhi. Ipi bora?"

Nilifungua kinywa nimjibu, kisha nikakifunga. Nikamwambia anipe muda. Alinitazama kwa mshangao, kwa sababu mhadhiri hazoeleki kuombwa jibu akaomba muda, hasa kwa jambo dogo kama hilo. Makala haya ndiyo jibu lake, pamoja na sababu ya mimi kuomba muda.

Nilijifunza kunyoa upya nikiwa na umri wa miaka thelathini, katika mji mmoja wa Ujerumani nilikosomea shahada ya uzamivu kuanzia mwaka 2009 hadi 2013. Kabla ya hapo nilinyoa kama wanyoavyo wengi wetu: maji kidogo, sabuni ya kuogea, wembe, basi. Matokeo yake yalikuwa shingo kama ya kijana yule. Ndevu zetu zimejikunja. Zikikatwa zikiwa kavu, ncha zake hubaki kali, na zinapoota hujipinda na kuichoma ngozi zilimotoka. Nao mwili huzipokea kama unavyoupokea mwiba, kwa kuvimba. Baridi ya kule na hewa kavu ya majumba yenye vipasha joto vilizidisha adha hiyo.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyekuwa fundi wa saa, ndiye aliyenifumbua macho. Aliniambia kuwa kinacholainisha ndevu si sabuni, ni maji, na kwamba kazi ya povu ni kuyashika maji yale usoni yasichuruzike kabla hayajafanya kazi yake. Brashi, kwa hiyo, ni chombo cha kuchotea maji. Huyachota, huyachanganya na sabuni na hewa, kisha hulisugua povu hadi kwenye shina la kila unywele na kuunyanyua ili wembe uukute umesimama na umelainika. Ukilielewa hilo, utaelewa pia tofauti zote kati ya brashi na brashi.

Nilikwenda duka la vipodozi nikanunua brashi ya bei ya chini kabisa, euro chache tu. Juu ya boksi paliandikwa maneno mawili ya Kijerumani: "reine Borste". Kijerumani changu wakati huo kilikuwa cha kutosha kunivusha mtihani wa lugha, nami nikajitafsiria kwa fahari: singa halisi. Singa za nini, boksi halikusema, nami sikujiuliza.

Brashi ile ilinifundisha subira. Singa zake zilikuwa nene na ngumu, na katika siku za kwanza zilichoma uso na kutoa harufu ya zizi lililonyeshewa. Ilinibidi niiloweke katika maji ya uvuguvugu dakika tano nzima kabla ya kuigusisha kwenye sabuni, maana singa zile hunywa maji taratibu na hazilainiki mpaka ziyanywe. Lakini baada ya wiki kadhaa lilitokea jambo nililolipenda. Ncha za singa zilianza kupasuka, kila ncha ikagawanyika mbili au tatu, zikawa laini huku mashina yakibaki imara. Brashi ikawa na uso mpole na uti wa mgongo mgumu. Ikikutana na sabuni kavu ya kipande, iliichonga na kuibeba bila kubembeleza. Povu lake lilikuwa zito kama mtindi, na baada ya miezi miwili vipele vyangu vilipungua hata nikawa napitisha mkono shingoni bila kuudhika.

Nilifurahi kiasi kwamba niliporudi likizo Desemba 2011 nilimnunulia marehemu baba brashi kama yangu, boksi lile lile, pamoja na kipande cha sabuni na bakuli dogo la bati.

Baba alikuwa stesheni masta mstaafu. Alihudumu katika njia ya reli ya Tanga, akakaa Muheza, Korogwe na Mombo, na alipostaafu tukahamia Ngamiani. Alinyoa mashavu na shingo kila Ijumaa asubuhi kabla ya kuoga na kwenda msikitini, akaacha kidevu na ndevu zake nyeupe zilizochongwa vizuri. Nilimwonyesha namna ya kuloweka na kukoroga. Aliishika brashi, akaigeuza, akazipitisha singa kwenye kiganja chake, akaniuliza:

"Mwanangu, hii ni ya mnyama gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba ziko brashi za singa za farasi, na jibu hilo ndilo lililokuwa karibu na ulimi. Nikamjibu bila kupepesa jicho: "Ya farasi, baba."

"Alhamdulillahi," akasema. "Farasi hana neno."

Tukaendelea na mazungumzo mengine.

Mapema mwaka 2013, nikiwa katika miezi ya mwisho ya kuandika tasnifu, nilijizawadia brashi ya pili. Hii ilikuwa ya yule mnyama mwingine. Kwetu hayupo, anaishi Ulaya na Asia, ana mistari myeusi na myeupe usoni, huchimba mashimo na kutoka usiku, na yumo katika familia moja na nyegere wetu. Katika makala haya namwita melesi, kwa kufuata jina lake la kisayansi, Meles. Wafaransa wana neno moja, blaireau, linalomtaja mnyama huyo na pia brashi ya kunyolea yenyewe, na zaidi ya hapo ni tusi la kumwita mtu mpumbavu. Mtaona mbele kwamba maana hiyo ya tatu ilinistahili.

Nilizilinganisha brashi hizo mwezi mzima, siku hii moja, siku hii nyingine, kwa sabuni ile ile na maji yale yale, nikaandika matokeo katika daftari. Watafiti ndivyo tulivyo: tukichoka na tasnifu tunatafiti povu.

Nywele za melesi ni nyembamba kuliko singa za nguruwe na zina mikanda mitatu ya rangi: shina jeupe, katikati peusi, ncha nyeupe. Hazihitaji kulowekwa, ukizichovya tu zimejaa maji, na zinayashika kwa wingi. Ncha zake usoni ni kama kitambaa cha pamba. Kwa sabuni laini ya krimu, povu hujaa kwa nusu ya muda. Zile za daraja la juu, ambazo wauzaji huziita ncha za fedha, bei yake hutisha, na majina ya madaraja hayo hayana kipimo kinachowafunga wauzaji wote. Kinachoitwa "bora" katika duka hili huenda kikaitwa "safi" katika duka lile.

Ila wingi huo wa maji ndio pia udhaifu wake. Asiyeikung'uta vizuri hupata povu jepesi lenye mapovu makubwa, linalopendeza kwenye bakuli na kukauka usoni. Kwenye sabuni kavu iliyo ngumu, nywele zile hulala badala ya kuchonga. Na kwa kuwa zimesongamana sana, hulificha povu jingi tumboni mwake, nawe hulipati mpaka uikamue brashi.

Mwisho wa mwezi daftari langu lilikuwa na hitimisho ambalo nalisimamia mpaka leo. Tofauti ya brashi hizi mbili ni tofauti ya muda na mkono. Melesi hukupa mapema kile ambacho nguruwe hukupa baada ya subira. Mtu anayejua kupima maji atatoa povu lile lile kwa brashi yoyote kati ya hizo, na asiyejua hataokolewa na bei. Shingo yangu haikuweza kuzitofautisha.

Kasoro moja ya maelezo hayo ni kwamba siku nilizokuwa nikiandika daftari lile sikuwa na neno "nguruwe" ndani yake. Niliandika "brashi ya kwanza" na "brashi ya pili".

Neno hilo nililipata mwezi Machi, dukani. Nilikwenda kuuliza maana ya madaraja ya nywele za melesi, na muuzaji akaniuliza nilikuwa nikitumia brashi gani hapo awali. Nikamtajia maneno ya kwenye boksi. "Ah, Borste," akasema, kama mtu anayetaja chumvi. "Hiyo ni ya nguruwe." Akanieleza kwamba katika biashara ya brashi neno hilo halina haja ya nyongeza, singa ikitajwa peke yake, ni ya nguruwe. Kila Mjerumani wa kazi hiyo analijua hilo. Boksi halikunidanganya. Lilisema kweli kwa lugha ya wanaojua.

Nilirudi chumbani nikasoma usiku kucha, nikagundua jinsi singa za nguruwe zilivyotuzunguka. China ndiyo mzalishaji wake mkubwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilihesabiwa miongoni mwa bidhaa za kivita, kwa kuwa hapakuwa na brashi nzuri ya kupakia rangi meli na magari bila hizo. Hata miswaki ya kiwandani ilitengenezwa kwa singa za nguruwe, mpaka mwaka 1938 kampuni ya DuPont ya Marekani ilipoleta nailoni. Hadi leo brashi nyingi za kupakia rangi zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi ni za singa hizo.

Nilisoma pia habari za farasi, yule niliyemsingizia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, biashara ya singa ilivurugika. Singa za farasi kutoka Asia zilifika Uingereza na Marekani bila kusafishwa ipasavyo, zikapaushwa na kutiwa rangi ili zifanane na nywele za melesi, zikauzwa kama melesi. Baadhi yake zilikuwa na vimelea vya kimeta. Askari na raia walijikata kidogo kwa wembe, kama kila mnyoaji anavyojikata, na vimelea vikaingia hapo hapo. Zaidi ya watu 200 waliugua, na wapo waliokufa. Mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku uingizaji wa brashi za kunyolea kutoka Japani. Mtu yule aliyeinunua brashi alipouliza ni ya mnyama gani, bila shaka alijibiwa haraka na kwa uhakika.

Sasa nifike mahali panaponitia haya.

Nilijua mwezi Machi. Baba alikuwa na simu, nami nilimpigia kila Jumapili. Jumapili ya kwanza sikumwambia kwa sababu, nilijiambia, mambo haya hayasemwi kwa simu. Ya pili, mama alikuwa na homa. Baadaye ikaja tetesi ya tarehe ya kuitetea tasnifu, nikajiambia nisijivuruge akili. Kila wiki ilikuwa na sababu yake nzuri. Nami nilijua vyema kwamba kila Ijumaa asubuhi mzee yule alikuwa akiloweka brashi yangu dakika tano kama nilivyomfundisha, akajipaka usoni, akaenda kusimama safu ya mbele.

Nilirudi Oktoba, nikiwa na shahada na brashi mpya ya melesi ndani ya kijisanduku, niliyodhani itamaliza mambo. Siku ya pili, baada ya sala ya Alasiri, nilikaa naye barazani nikamweleza. Nilianza mbali, kama tunavyofanya wasomi, kwa maana ya neno la Kijerumani na desturi za wafanyabiashara. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza maswali matatu.

"Siku ile nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Sikujua, baba."

"Lakini ulinijibu."

Nikanyamaza.

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Na huu ni mwezi wa ngapi?"

Hakupandisha sauti. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba miaka yote hii kuliko nukuu yoyote ya tasnifu yangu. "Miaka thelathini nimekaa stesheni. Dereva akiniuliza kama njia iko wazi, nami sijui, simwambii iko wazi ili aondoke kwa furaha. Namwambia asubiri. Atakasirika, abiria watakasirika, lakini atasubiri. Na nikishamwambia iko wazi, kisha nikapata habari kwamba haiko wazi, singoji afike."

Aliinuka, akamtuma mjukuu wake alete udongo safi wa nyuma ya nyumba. Brashi akaitupa. Bakuli la bati akaliosha mara saba, ya kwanza kwa maji yaliyochanganywa na udongo, kama wanavyofundisha Mashafii, ambao ndio wengi wa pwani yetu, kuhusu najisi nzito. Kisha akaosha mikono na uso vivyo hivyo. Nilisimama namhesabia kimoyomoyo. Nilitaka kumsaidia kumiminia maji. Mjukuu ndiye aliyeshika kopo.

Jioni alimwita ustadhi wa madrasa ya jirani, mtu ambaye hakupata kupita darasa la saba. Walizungumza wawili ndani kuhusu sala za nyuma. Nilichozungumziwa sikuambiwa, na sikuwa na uso wa kuuliza. Ninachojua ni kwamba kwa miezi kadhaa baadaye kila nilipopiga simu usiku, mama alinijibu kuwa baba yuko kwenye mswala.

Walipotoka, nilitoa kijisanduku changu nikamwonyesha ustadhi brashi ya melesi, nikamwuliza kama hiyo haina tatizo. Aliitazama kwa udadisi, kwani hajapata kumwona mnyama huyo. Akaniuliza anakula nini, ana meno ya namna gani, na anauawa vipi. Mawili ya kwanza niliyajibu. La tatu nikasema sijui; na niseme kweli, lilikuwa neno gumu kulitoa, hata siku ile.

"Basi na mimi sijui," akasema. "Niacheni nikasome. Nitawajibu Ijumaa."

Ijumaa alikuja na kitabu chini ya kwapa. Akatueleza kwamba kwa Mashafii mnyama aliyekufa bila kuchinjwa kisheria hukumu yake ni ya mzoga, na nywele zake humfuata. Kwa hiyo melesi naye hakupona, ingawa najisi yake si nzito kama ya nguruwe. Akaongeza kwa uaminifu kwamba Mahanafi huona nywele za mzoga ni safi kwa kuwa hazina uhai, kwamba wao wao waliwaruhusu mafundi wa viatu kushonea singa za nguruwe kwa dharura ya kazi, na kwamba Wamaliki huiona hata singa ya nguruwe iliyokatwa kuwa safi. "Mkitaka wepesi, upo, na wenye elimu wameusema," akamaliza. "Mkitaka kutuliza roho, nasikia siku hizi ziko za plastiki."

Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kijisanduku akanirudishia. Mwezi uliofuata nikamletea brashi ya nyuzi za kiwandani, na safari hii nilikuwa nimemwandikia mtengenezaji kuuliza, nikampa baba jibu lake nililolichapa kwenye karatasi. Alilisoma, akalikunja, akalitia ndani ya bakuli. Aliitumia mpaka alipofariki mwaka 2018.

Ndugu msomaji, naomba nisieleweke kwamba nadai kila mtu aishi kwa madhehebu ya baba yangu. Katika nchi yetu wapo watakaokula nguruwe leo mchana kwa raha zao, na ni haki yao. Ninachosema ni kwamba yeye pia alikuwa na haki yake, na haki hiyo ilikuwa ndogo sana: kujua kinachogusa uso wake. Malaysia imeiweka katika sheria. Amri yao ya mwaka 2013 inataka bidhaa iliyotokana na nguruwe au mbwa itajwe waziwazi kuwa hivyo, na mwaka 2017 maofisa wao walipita madukani wakakamata zaidi ya brashi 2,000 za kupakia rangi zisizo na maelezo hayo. Nenda leo katika duka la vifaa vya ujenzi lililo karibu nawe, chukua brashi ya rangi, umwulize muuzaji imetengenezwa kwa singa za nini. Usishangae akikujibu haraka.

Maana ugonjwa wenyewe hauko kwenye brashi. Uko kwenye jibu. Tumejenga nchi ambamo kusema "sijui" ni kujivua cheo. Mwananchi akiuliza maji yatatoka lini, anatajiwa mwezi. Mbunge akiuliza deni limefikia wapi, anapewa tarakimu yenye nukta na sehemu za mia. Mwanafunzi akiuliza darasani, sisi wenye majoho tunajibu kabla hajamaliza sentensi. Na baadaye, mmoja wetu anapogundua kwamba jibu lile halikuwa kweli, husubiri kile tunachokiita wakati muafaka. Mimi niliusubiri Ijumaa thelathini. Najua kwa hiyo jinsi mtu mwema anavyoweza kuusubiri, kila wiki akiwa na sababu nzuri, huku mwingine akijipaka usoni kile alichopewa.

Husimuliwa kwamba Imamu Malik aliulizwa maswali mengi na mtu aliyetoka mbali, na mengi kati ya hayo akayajibu "sijui". Hakushuka cheo. Ustadhi wetu naye hakushuka.

Sasa nirudi kwa kijana wangu, ambaye amesubiri wiki mbili.

Kuhusu povu, nina jibu na nalijua. Kama fedha yako ni ndogo na subira yako ni kubwa, brashi ya nguruwe itakutosha: iloweke dakika tano, uivumilie mwezi wa kwanza, uitumie kwa sabuni kavu. Kama ngozi yako ni nyepesi kuumia na unapenda sabuni ya krimu, ya melesi itakubembeleza zaidi, lakini ikung'ute na uanze na maji machache. Ya nyuzi za kiwandani hainywi maji kama hizo mbili, lakini za siku hizi hutoa povu zuri kwa haraka, hukauka upesi, na ndiyo ninayotumia mimi. Maji yetu ya Dodoma yana chumvichumvi na hulikataza povu kuumuka. Koroga kwa maji ya mvua au yaliyochujwa, utaona tofauti kubwa kuliko tofauti ya brashi. Nyoa kufuata ndevu zinakoelekea, na usipitishe wembe mara tatu mahali pamoja.

Kuhusu kama ni halali kwako kuipaka usoni brashi ya nguruwe, au kama moyo wako unaridhika na namna melesi anavyopatikana, hayo sikuyajibu kwa sababu sijui wewe unaamini nini, na hukuniambia. Soma boksi. Likiandika "singa" bila kutaja mnyama, uliza. Na ukijibiwa haraka, uliza tena.

Bakuli la bati ninalo. Lina doa la kutu ukingoni, na karatasi ile iliyokunjwa bado imo ndani yake.

Wiki ijayo, tukijaaliwa, tutarejea kwenye bajeti.